Uko na Makaratasi?

Swali liliulizwa na mama mweka hazina wa kanisa, na hakuliuliza kwa ubaya. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na tulikuwa watatu mbele ya piano kuukuu iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee alikuwa ameshakunja kitambaa, amefungua kifuniko, ametoa spana yake na kabari zake za mpira. Mimi nilikuwa nimebeba mkoba. Mama akamtazama mikono, akamtazama viatu, kisha akasema, "Mzee wangu, samahani tu. Uko na makaratasi?"

Mzee hakukasirika. "Niko nayo, Mama. Lakini si ya piano."

Akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na cheti cha serikali, gredi ya tatu, useremala. Mama alikisoma chote, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akamrudishia kwa mikono miwili. "Hii ni ya viti na meza," akasema, kwa upole kabisa.

Nimekaa na swali hilo miezi kadhaa sasa, na heri nikiri mapema kwamba mimi si hakimu asiye na upande. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sababu ninayowaambia watu ni karo. Sababu ya pili, ambayo siwaambii, ni kwamba hata karo ilipokuwapo sikuwa naenda darasani. Tangu hapo naishi kwa kuandika: wasifu wa kampuni, hotuba za harusi, makala kama hii, na mwezi ukikauka nabeba mkoba wa Mzee, ambaye ni jirani yetu kwenye ploti. Kila fomu ninayojaza ina ule mstari wa "kiwango cha elimu", na kila mara kalamu inasimama hapo kidogo. Kwa hivyo Mama alipouliza, niliona kama swali limempita Mzee likanigonga mimi. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lile jibu letu sisi tulioacha shule: kwamba makaratasi hayafanyi kazi, mikono ndiyo inafanya. Bahati nzuri nilinyamaza, kwa sababu Mama alikuwa na sababu zake.

Mwaka uliotangulia kwaya ilichanga pesa za kutengeneza hiyo piano. Akaja kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, na kadi ya biashara yenye maandishi ya dhahabu: jina lake, kisha herufi nne ambazo hakuna aliyeuliza zinasimamia nini, kisha maneno ya Kiingereza ya kumaanisha fundi mkuu wa piano. Alilipwa elfu thelathini. Pini zinazokaza nyuzi zilikuwa zimelegea, na yeye akazipulizia mafuta, yale ya kopo tunayotumia kwa nati zenye kutu. Sasa, pini ya piano haina parafujo wala gundi. Ni chuma kilichoshindiliwa kwenye tundu la ubao mgumu, na kinachoizuia isizunguke ni msuguano tu wa chuma na mbao. Ukitia mafuta hapo umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinaishika. Jumapili ya pili, kwaya iliimba bila piano. Simu ya kijana ikawa haipatikani.

Kwa hivyo mbele ya piano ile kulikuwa na kesi mbili. Kulikuwa na jina bila mkono, ambalo lilikuwa limeshaondoka na pesa. Na kulikuwa na mkono bila jina, ambao ulikuwa umesimama na cheti cha useremala ndani ya plastiki. Katikati alikuwa Mama, na pesa za watu, na masikio ambayo hayangemwambia nani ni nani.

*

Nilifanya ninachofanya kila nikikosa jibu: nikaenda kutafuta filamu. Nilitaka kuona kama kuna msanii aliyewahi kumtazama mtengenezaji wa piano akiulizwa swali la Mama.

Filamu ya kwanza ni *Pianomania*, ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Lilian Franck na Robert Cibis. Inamfuata Stefan Knüpfer, fundi wa Steinway huko Vienna, akiwahudumia wapiga piano ambao wengi wetu tunawajua kwa majina kwenye YouTube tu: Lang Lang yumo, Alfred Brendel yumo. Lakini moyo wa filamu ni Pierre-Laurent Aimard, anayejiandaa kurekodi *The Art of Fugue* ya Bach. Aimard anataka piano moja iwe na sauti kadhaa, mara ikumbushe kinanda cha kanisani, mara ikumbushe vinanda vidogo vya zama za Bach mwenyewe. Knüpfer anahangaika. Anachoma sindano kwenye sufi ya nyundo, anasogeza, anasikiliza, anarudia. Aimard anapiga noti mbili, anakunja uso, anasema bado.

Ni filamu nzuri na inachekesha kuliko nilivyotarajia. Kinachochekesha ni kwamba mara nyingi mimi mtazamaji sisikii wanachogombania. Watu wazima wawili wanabishana kuhusu mkia wa sauti, jinsi inavyofifia, na kwangu noti ya kwanza na ya pili ni noti ileile. Waongozaji wanajua hilo, wanatuacha tukae na ujinga wetu, na taratibu tunaanza kusoma nyuso badala ya sauti. Fundi akitabasamu, tunajua imekubali.

Lakini hakuna mahali katika filamu nzima ambapo mtu anamwuliza Knüpfer anatoka wapi. Tunaachwa tuamini kwamba kipaji kinajitangaza chenyewe, kwamba ukiwa na masikio kama yale dunia itakujia. Si kweli, na ushahidi uko ndani ya filamu hiyohiyo. Uko ubavuni mwa kila piano, kwa herufi za dhahabu: STEINWAY. Hicho ndicho cheti chake. Knüpfer hahitaji kutoa mfuko wa plastiki kwa sababu kampuni iliyoanzishwa mwaka 1853 imeshamjibia Mama kabla hajauliza. Sisemi mkono wake ni wa kubahatisha. Nasema tu kwamba filamu inatupa hadithi ya mkono huku jina likifanya kazi kimya kimya nyuma ya kamera, na haitaki tuligundue.

Ya pili ni *The Last Repair Shop* ya Ben Proudfoot na Kris Bowers, filamu fupi iliyopata Oscar mwaka 2024. Hii inakaa Los Angeles, kwenye karakana ya wilaya ya shule za umma ambayo tangu mwaka 1959 inawatengenezea wanafunzi ala bure. Ala zinazotunzwa ni karibu 80,000. Mafundi wanne wanasimulia maisha yao mmoja mmoja, na katikati watoto wanazungumza kuhusu vinanda na fidla na saksafoni zao. Fundi wa piano ni Mwarmenia aliyekimbia Azerbaijan. Kuna mama mhamiaji kutoka Mexico aliyelea watoto peke yake. Hakuna anayeanza kwa kusema alisomea wapi. Wanaanza na kilichowavunja.

Nililia, nakubali. Kisha nikajiuliza kwa nini. Filamu hii inaweka majeraha mahali pa vyeti. Inasema: huyu amevunjika, kwa hivyo anajua kutengeneza vilivyovunjika. Ni wazo tamu, na kwa mtu kama mimi ni tamu sana, kwa sababu linafanya kila kitu nilichoshindwa kiwe mafunzo. Lakini maumivu hayafundishi mtu kukaza waya. Niko na uhakika wale mafundi wanajua kazi yao kwa sababu waliifanya kila siku miaka mingi chini ya macho ya mtu aliyeijua kabla yao. Na tena, kama kule Vienna, kuna karatasi ambayo kamera haiioni: wameajiriwa. Mtu fulani aliwahoji, akawajaribu, akawaweka kwenye orodha ya mishahara. Mtoto anayepokea fidla yake haulizi makaratasi kwa sababu wilaya ya shule iliuliza kwa niaba yake.

Filamu zote mbili, basi, zinampenda fundi na zinaliruka swali. Na nadhani zinaliruka kwa sababu swali lenyewe halina urembo. Ni swali la mtu anayelipa.

*

Ili kuona kwa nini swali la Mama ni la haki, inabidi tuingie kidogo ndani ya piano.

Piano ina vibonye 88 lakini nyuzi zaidi ya 200, kwa sababu noti nyingi zina nyuzi tatu tatu zinazogongwa na nyundo moja. Zote kwa pamoja zinavuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani kama 18 au 20. Mzee anapotyuni, anaziba nyuzi mbili kwa kabari, anakaza moja mpaka ikae, kisha anazileta zile nyingine kwake. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kufikiana, utasikia sauti ikipumua: wau, wau, wau. Zikikaribiana zaidi pumzi inapungua kasi. Zikifikiana inanyamaza.

Hapo ni rahisi, hata mimi nasikia. Shida inaanza kati ya noti na noti. Wewe ambaye umeimba kwaya unajua do na so zikiimbwa vizuri zinavyokaa pamoja kama mtu mmoja. Kwenye piano, do na so haziruhusiwi kukaa hivyo kabisa. Ukipanda kwa so kamili mara kumi na mbili ukitarajia kurudi kwenye do uliyoanzia, utaipita. Hesabu haifungi, na haijawahi kufunga tangu enzi za Wagiriki. Kwa hivyo anayetyuni anachukua lile kosa na kuligawanya kwenye noti zote, kidogo kidogo, ili hakuna ufunguo utakaoumia kuliko mwingine. Wanamuziki wameigawanya nusu toni moja kuwa senti 100, kama shilingi yetu. Kila so inapunguzwa karibu senti mbili. Kila do na mi inaachwa pana kwa karibu senti 14, kiasi ambacho kwaya nzuri isiyotumia ala haingekubali.

Maana yake ni kwamba kazi ya fundi wa piano ni kukosea kwa usawa. Mteja hawezi kuhukumu kwa kusikiliza "noti safi", kwa sababu noti safi kabisa ukizifuata zitakuharibia piano. Tena kuna kutyuni kunakosikika vizuri fundi akiwa bado anakunywa chai ya kuagwa, na kufikia Alhamisi kumelegea, kwa sababu pini haikutulizwa. Mama angejuaje? Mimi ningejuaje? Nilimwamini Mzee kwa sababu nampenda na kwa sababu tunachota maji bomba moja. Yule kijana wa kadi aliaminiwa kwa sababu ya pasi ya shati. Nikiwa mkweli, sababu yangu haikuwa bora kuliko ya kanisa. Ilitokea tu kwamba nilibahatisha.

Hapo ndipo lile jibu la mdomoni liliponitoka. Cheti hakipo kwa ajili ya anayejua kusikia. Aimard hakihitaji, anapiga noti mbili anajua. Cheti kipo kwa ajili ya yule asiyesikia na ambaye bado anapaswa kulipa.

*

Lakini cheti cha namna gani? Hapa nataka kusifu mtihani, jambo ambalo sikutarajia kulifanya maishani.

Marekani kuna chama kinachoitwa Piano Technicians Guild, kilichoundwa mwaka 1957 vyama viwili vilipoungana. Mtu yeyote anayependa piano anaweza kulipa ada akawa mwanachama. Lakini kuna jina moja, Registered Piano Technician, ambalo halinunuliwi kwa ada. Ili kuandika herufi zake tatu kwenye kadi, unapita mitihani mitatu. Wa kwanza ni wa kuandika. Wa pili ni wa mikono: unapewa kazi za ukarabati na za kupanga mitambo ya ndani, na saa inakwenda. Wa tatu ni wa kutyuni, na huo ndio ulioniweka macho nikisoma usiku.

Kwanza, kabla hujafika, kamati ya watahini wazoefu inakaa kwenye piano ileile na kuityuni pamoja, noti kwa noti, wakibishana mpaka wakubaliane. Makubaliano yao yanapimwa na kuandikwa. Kisha wanaivuruga piano makusudi. Ndipo unaitwa. Unaityuni, na sehemu ya katikati lazima uifanye kwa sikio lako bila msaada wa kifaa cha elektroniki. Ukimaliza, kazi yako inapimwa dhidi ya yale makubaliano, na kosa linahesabiwa kwa senti. Halafu mtahini anagonga vibonye kwa nguvu, kama mpigaji mwenye hasira, na kupima tena kuona nini kimesogea. Unahitaji alama 80 kwa 100.

Ninachokipenda ni kwamba mtihani huu hauulizi ulikaa darasani miaka mingapi. Hauulizi ulisoma wapi wala kama ulimaliza. Unaweza kuwa ulijifunza kwa baba yako, au kwa jirani, au peke yako kwa piano ya jalalani. Kaa hapa, tyuni hii, tutapima. Na anayekosa alama anaambiwa ni wapi amekosa, kwa noti na kwa senti, kwa hivyo hata kufeli kwake kuna kazi. Shahada niliyoiacha isingeweza kusema hivyo kunihusu. Ingesema tu kwamba nilikuwapo, na nilikuwa na karo.

Sitaki kupamba kupita kiasi. Kuna mafundi hodari Marekani ambao hawajawahi kuufanya mtihani huo na hawana mpango, kwa sababu wateja wao wanawajua na simu inalia bila zile herufi. Alama 80 pia si ubingwa, ni sakafu. Inamwambia Mama kwamba huyu hatapulizia pini mafuta. Haimwambii kama ndiye Knüpfer. Na kosa la jina lolote ni kwamba likishakuwa kwenye kadi, watu hulisoma kama dari, na mwenyewe huanza kulisoma hivyo pia.

Isitoshe, mtihani unahitaji nyumba. Unahitaji watahini ambao wenyewe walipimwa, piano nzuri ya kupimia, chama, mila. Kwa fundi aliye na chama karibu, kutokuwa na jina ni uamuzi wake. Kwa Mzee haikuwa uamuzi.

*

Kuna hadithi ya zamani kuhusu jambo hili ambayo inastahili filamu kuliko zote mbili nilizotaja. Miaka ya 1820 hadi 1830, Paris, kwenye shule ya vijana wasioona, ileile aliyosoma na kufundisha Louis Braille, kulikuwa na kijana anayeitwa Claude Montal. Yeye na mwenzake walianza kuchezea piano za shule, wakijifundisha kuzityuni. Fundi aliyekuwa akizihudumia, ambaye alikuwa anaona, akalalamika kwa mkuu wa shule, na vijana wakakatazwa kuzigusa. Basi wakapata piano kuukuu, wakaifungua yote, wakaitengeneza na kuirudisha. Ilipolia vizuri, wakaruhusiwa kuzitunza piano za shule.

Nje ya shule lawama zikaanza upya. Nani amkabidhi kipofu chombo cha gharama hivyo? Mafundi wengine hawakumtaka. Montal alifungua njia yake kwa kazi, mteja mmoja mmoja, mpaka wanamuziki wenye majina wakawa ndio wanaomshuhudia. Mwaka 1836 akachapisha kitabu cha kufundisha watu kutyuni piano zao wenyewe. Baada yake kutyuni kukawa taaluma inayofundishwa kwenye shule za wasioona Ulaya na kwingineko, kiasi kwamba kuna miji ambako watu walizoea kudhani mtyuni piano lazima awe haoni.

Angalia jinsi jina lilivyogeuka. Mwanzoni kutoona kulikuwa ndiyo sababu ya kumkataa. Vizazi viwili baadaye kutoona kulikuwa karibu cheti. Masikio ya wasioona hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na shule nyuma yao, na mwalimu aliyeandika kile anachokijua kikaweza kupimwa na mtu mwingine. Montal hakuishia kusema "mikono yangu inatosha". Alikuwa na kila haki ya kusema hivyo, na hata hivyo akakaa chini akaandika kitabu.

*

Sasa nirudi nyumbani, ambako jina tunalipenda kuliko kazi. Sisi ni nchi ya Daktari, Injinia na Mheshimiwa. Tunayatanguliza hata kwenye kadi za mazishi. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imekuta vyeti zaidi ya 2,000 vya watumishi wa umma ambavyo ni ghushi. Watu walicheka mtandaoni siku mbili. Mimi nilifikiria jambo jingine: kwamba hao watu walikaa kazini miaka, na mara nyingi kilichowakamata ni karatasi. Kama kazi yenyewe ingekuwa inapimwa, tungewajua mapema. Au pengine tungegundua baadhi yao walikuwa wanaifanya sawasawa, na hilo nalo lingetusumbua.

Kwenye muziki ni vivyo hivyo. Mzazi wa Nairobi mwenye uwezo anampeleka mtoto masomo ya piano, na mtoto anapanda gredi za bodi ya London, ya kwanza hadi ya nane, na mtahini anasafiri kutoka ng'ambo kumsikiliza. Kila hatua ina cheti cha kuwekwa kwenye fremu. Asubuhi ya mtihani, mtu ambaye ameipitia piano jana yake ili mtoto asiaibike hana gredi yoyote ya kazi hiyo. Mtoto wa miaka tisa ana makaratasi mengi ya piano kuliko Mzee.

Lakini nchi hiihii ina kile cheti cha ndani ya plastiki. Mtihani wa gredi kwa mafundi, unaosimamiwa siku hizi na NITA, ni ndugu wa karibu wa ule wa Marekani kuliko wa chuo nilichokiacha. Makanika aliyefunzwa chini ya mwembe anaweza kwenda, akapewa kazi, akaifanya mbele ya mtahini, akatoka na gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Hauulizi uliacha shule darasa gani. Tunaudharau kwa sababu ni wa watu wa mikono, na dharau hiyo nimewahi kuwa nayo mimi pia, mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye vitabu kwapani, nikimtazama binamu yangu akijiandaa kwa gredi ya umeme. Yeye leo anaweka saini kwenye kazi yake. Mimi bado nasimama kwenye ule mstari wa fomu.

Na nikijitazama, kazi yangu haina hata hicho. Hakuna anayevuruga aya makusudi na kunipa saa moja niirudishe. "Mwandishi" ni jina nililojipa mwenyewe, kama herufi za yule kijana. Mhariri wa gazeti hili atasoma na kukubali au kukataa, na huo ndio mtihani wangu wote. Wakati mwingine najiuliza kama ni mimi niliyepulizia mafuta kwenye pini za mtu.

*

Mzee alikirudisha cheti mfukoni. Kisha akasema, "Mama, hujui kama najua, na mimi siwezi kukuonyesha kwa mdomo. Nipatie hapa katikati tu, kutoka do hii mpaka do ile. Sitaki pesa. Nitatengeneza, nitafunga, nitaenda. Mwite mwalimu wa kwaya azipige kwa nguvu wiki nzima. Nikirudi Jumanne kama zimesogea, sitawasumbua tena."

Hakuwa amesikia habari za mtihani wa Marekani wakati huo. Mimi pia sikuwa nimeusoma bado. Alitoa pini zilizolegea kwenye hizo noti, akaweka nyingine nene kidogo kutoka kwenye kopo lake la maziwa, akazishindilia, akatyuni karibu saa mbili huku Mama amekaa benchi ya kwanza akihesabu sadaka. Mimi nilishika tochi.

Jumanne iliyofuata mwalimu wa kwaya alikuwepo. Alipiga ile oktavu kwa vidole, halafu kwa ngumi ya wazi, halafu akaimba juu yake. Akasema zimekaa, ila mi moja imeshuka kidogo. Mzee akasikiliza, akakubali, "Ni kweli, hiyo imeshuka," akairekebisha. Nadhani ni kukubali kule ndiko kulikomshawishi Mama kuliko zile noti zilizokaa.

Wakampa kazi yote kwa elfu kumi na mbili. Yule wa kadi alikuwa amelipwa thelathini. Nilipomwambia Mzee njiani kwamba tofauti hiyo ya elfu kumi na nane ndiyo bei ya karatasi, akacheka, akasema nimwandikie basi barua nzuri ya kanisa, wamwekee muhuri, aiweke pamoja na kile cha useremala.

Nimeiandika. Ina aya mbili, inasema alifanya nini na zilikaa siku ngapi, na imetaja ile mi iliyoshuka. Mama amesema ataipeleka kwa mchungaji ikagongwe muhuri, mchungaji akirudi kutoka safari.